Mishubiri ya Bibi Kristiana

Mashimo yalikuwa kumi na manne. Mishubiri yote ya Bibi Kristiana, aliyotumia kuwatibia wanakijiji vidonda, ilikuwa imeng'olewa pamoja na mizizi yake.

Inspekta Lutengano alifika kwa baiskeli kutoka Sumbawanga mjini, asubuhi moja ya baridi ya mwaka 1975.

"Shikamoo, bibi. Una ugomvi na mtu?"

"Marahaba. Sina. Lakini Cornelia, mtoto wa jirani, ameungua mkono kwa uji. Leo nitampaka nini?"

Lutengano akachutama. Nyayo za katambuga: za kushoto zimezama, za kulia zimegusa tu. Mwizi alikuwa akichechemea. Kando ya shimo la mwisho akaokota kipande cha bendeji chenye usaha na utomvu wa manjano.

Kijijini bendeji zilitoka mahali pamoja tu: zahanati.

Flavian, mganga wa zahanati, alimpokea akiwa ameketi.

"Simama, Ndugu Flavian."

Hakusimama.

"Basi kunja suruali. Mguu wa kulia."

Flavian alitazama dirishani. Wagonjwa walikuwa wakingoja nje. Akakunja. Juu ya kifundo palikuwa na kidonda kipana, pembeni kimeanza kuota nyama mpya.

"Tangu lini?"

"Miezi mitano sasa. Nimejichoma sindano, nimepaka kila dawa niliyonayo. Wapi."

"Ndipo ukaiba?"

"Nilianza na jani moja moja. Kikaanza kufunga. Juzi nikasikia bibi amegundua, anataka kumvizia mwizi. Nikaing'oa yote, nikapanda uani kwangu."

"Angekupa bure. Kwa nini hukuomba?"

"Niombe vipi, afande? Niliwaambia watu mkutanoni, wote wakisikia, kwamba bibi anawapaka uchafu."

Mkutano ule Lutengano alikuwepo, na yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Walipita katikati ya kijiji, Flavian akichechemea na gunia la mishubiri mgongoni. Watu waliacha majembe wakatazama. Hakuna aliyemzomea, na hilo lilimuuma zaidi.

Uani kwa Bibi Kristiana, Flavian alilitua gunia, akasema kwa sauti ya chini, "Ni mimi, bibi."

Bibi alichagua jani nono, akalipasua, akampaka Cornelia mkono wote ulioungua, taratibu. Alipomaliza akachukua jani lingine.

"Kaa pale," alimwambia Flavian, mbele ya wote. "Toa mguu."

Flavian akakaa, akajifunika uso kwa koti lake jeupe. Lutengano, pingu mkononi, aligeuka akatazama upande wa pili.