Kichwa Hakisukwi kwa Simu

Asubuhi ile, kama asubuhi zote tangu amri ya kukaa ndani itangazwe kwa sababu ya ugonjwa wa kuambukiza, Chiriku alifagia chumba ambacho hata hakikuwa na taka, akampa bibi dawa yake ya pumu, kisha akaketi kizingitini. Mama yake, msusi, alikuwa bado amelala. Kazi hakuna, aamkie nini?

Jirani akachungulia. Masikini, amri ilimkuta amesukwa nusu kichwa, na ile nusu nyingine ilikuwa timutimu mpaka leo.

"Mwambie mama animalizie kwa siri," alinong'ona.

"Hataki. Anahofia bibi ataambukizwa."

Muda si muda akaja mjumbe wa mtaa, barakoa usoni. "Hujambo, mwanangu? Napita nyumba kwa nyumba. Amri hii mnaionaje? Mnajiweza?"

Chiriku aliukumbuka uji wa jana, mwepesi kama maji. Akakumbuka pia mama husema kwamba mambo ya nyumbani hayaanikwi nje. "Shikamoo. Amri ni nzuri. Hatuna shida yoyote."

Jioni mkokoteni wa unga wa msaada, mjumbe akiuongoza, ulipita mlangoni pao bila kusimama, ukaenda kwa jirani.

"Mbona sisi turukwe?" mama aliuliza.

Chiriku akaangua kilio, akasema yote. Mama hakumfokea, hata nguvu za kufoka hakuwa nazo. Alivaa barakoa, akatoka, akamwita mjumbe kwa mbali.

"Ndugu mjumbe, amri naikubali. Mama yangu ana pumu. Lakini mimi ni msusi, na kichwa cha mtu hakisukwi kwa simu! Tuna njaa."

Mjumbe alishusha pumzi. "Afadhali umesema, dada. Nusu ya mtaa wananiambia hawana shida, nami nawapelekea wakubwa hayo hayo. Watajuaje kwamba watu wanaumia?" Akawashushia mfuko wa unga.

Uji wa jioni ile ulikuwa mzito. Chiriku alikunywa ameinamisha kichwa.

"Kosa ni langu pia," mama alisema kwa uchovu. "Nilikukataza kuanika ugomvi wetu, sikukukataza kusema njaa."

Bibi akaweka kikombe chini. "Mjukuu wangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Amri tunaitii, na njaa tunaisema. Mtu akija kukuuliza hali yako, mwambie kweli, maana hawezi kukusaidia kwa usilomwambia."