Gauni Alilolifumua Mkewe

"Vidonge vya siku tisa hujavimeza, viko kwenye mfuko wa koti lako, baba watoto. Nimevihesabu."

Fundi hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, mkasi mkononi, satini nyeupe imetandazwa toka kwenye cherehani mpaka mlangoni. Hana chaki, hana futi. Anakata kwa macho tu, na leo siku ya tatu hajalala.

"Vinaniziba kichwa. Nikivimeza nabaki fundi wa sare za shule."

"Si ulinitongoza ukishona hizo hizo sare?"

"Usinichekeshe. Hebu soma."

Akamsogezea simu. Ujumbe ulitoka kwa bibi harusi: "Fundi, nataka gauni kama la dada yangu, lile la wakati ule unaumwa. Mpaka leo watu wanaliulizia."

"Umeona? Nikipona, ufundi unaondoka."

Mkewe akaketi kwenye stuli ya kupigia pasi. Miaka miwili alikuwa na neno hili rohoni.

"Lile gauni sikuliacha ulivyolishona."

Mkasi ukasimama.

"Mkono mmoja uliushonea kiunoni. Shingo haipitishi kichwa. Ulipolazwa hospitali ya akili nikalifumua lote, uzi kwa uzi, siku nne. Lesi nikaiokoa, mabega nikayakata upya. Uliporudi ukalikuta limetundikwa, ukalikumbatia. Nikasema, acha afurahi."

"Ukaniacha nijisifu mbele za watu?"

"Nilikosea. Nilikuonea huruma, kumbe nakuumiza."

"Kwa hiyo mimi sina kitu."

"Lile ua la mgongoni ni lako. Ulilichora kwenye daftari miezi mitatu kabla hujaugua, mimi nikalifuata tu. Ukiwa mzima ndipo unachora, mume wangu. Ukiumwa, unakata tu."

Fundi akaitazama satini. Mapande mengine hata yeye hakujua ni ya wapi.

Simu ikaita. Alikuwa bibi harusi.

"Fundi, umeshaanza?"

"Nimekiharibu kitambaa chako, nitakulipa. Naumwa tena. Na lile la dada yako, aliyelifumua na kulishona upya ni mke wangu. Ongea naye."

Mke akaipokea simu.

"Mwanangu, tupe wiki nne. Atachora yeye, nitashona mimi. Ila kwanza apumzike."

"Haya, mama. Nitasubiri."

Alipokata simu, fundi alikuwa na vidonge viwili kiganjani.

"Nipe maji. Lakini bado nimekukasirikia."

"Kasirika," mkewe akasema, akimjazia glasi. "Ila kasirika umelala."