Mluzi Sikioni mwa Bibi Cherehani

Jua lilikuwa likizama fundi alipofunga duka lake la vifaa vya kusikia. Akatia mkobani brashi ndogo, betri na vipira vipya vya sikioni, akafuatana na binti wa Bibi Cherehani hadi kwao. Hakuwa na mazoea ya kwenda majumbani. Lakini vifaa vya Bibi vilikuwa vimerudishwa mara tatu kwa kosa lile lile: kila jioni vinapiga mluzi. Vikifika dukani, kimya. Vizima kabisa.

"Isije ikawa mnaniona fundi kanjanja," alitania njiani.

Binti hakucheka. "Utasikia mwenyewe, dada."

Bibi Cherehani, aliyeshona nguo za watu mpaka masikio yakamchoka kabla ya macho, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Shikamoo, bibi," fundi alipaza sauti.

"Marahaba, mwanangu."

Akamkagua. Hakuna nta. Vipira vimekaa barabara. Akabadilisha betri, akavuta kigoda, akasubiri. Chumba kikaanza kuingia kiza...

Fiiiii.

Mluzi mwembamba, sikio la kulia. Fundi aliijua sababu. Alishawaeleza wateja mpaka akachoka. Kifaa hupiga mluzi kitu kikikisogelea mno: kiganja, mto, shavu la mtu anayekukumbatia.

Lakini karibu na Bibi hapakuwa na mtu.

Bibi aliinamisha kichwa kidogo, kama anayepewa siri. Hewa ikanuka udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Bibi... kuna nini?"

"Ananinong'oneza."

"Nani?"

"Simjui. Mwanzo nilidhani ni marehemu dada yangu, maana ndiye aliyezoea kuniinamia sikioni. Lakini dada yangu wa kuniuliza jina?" Bibi aligusa sikio lake la kulia. "Kila jioni ni hilo hilo. Unaitwa nani? Unaitwa nani? Sijamjibu."

Binti akaziba mdomo kwa kiganja. Hilo hakuwahi kuambiwa.

Fundi alimvua Bibi vile vifaa, akaviweka mezani mbalimbali, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Kimya.

Kisha... fiiiii.

Cha kulia. Kiko mezani peke yake, hakijaguswa. Kana kwamba kuna uso umekiinamia.

Halafu cha kushoto.

Akili zikamruka fundi. Akamwita Bibi kwa jina lake, lote, mpaka la babu yake, kama alivyozoea kuliandika kwenye kadi ya matengenezo. "Inuka, tutoke humu!"

Mluzi ukakatika.

Hapo ndipo alipotambua alichokifanya.

Bibi hakugeuka. Bila vifaa vyake hakusikia hata radi. Alikuwa akitazama mikono yake tu, hana habari kwamba ameitwa. Binti alimshika fundi mkono, kucha zikazama kwenye nyama.

Polepole, Bibi akainua uso. Akageukia kona tupu iliyokuwa nyuma ya kiti chake.

"Abee?"

Walimbeba mzobemzobe mpaka nje. Kesho yake yeye na binti wakahamia kwa mwanawe wa kiume, mji mwingine, na ile nyumba ikafungwa.

Wiki mbili zikapita. Asubuhi moja binti akarudi, akaingia dukani, amekonda, macho yamemvimba. Akaweka kile kiboksi cha vifaa juu ya kaunta.

"Vinapiga mluzi tena?" fundi aliuliza, bila kukigusa.

"Hapana. Hataki kuvivaa. Anasema siku hizi anasikia vizuri." Binti alitazama mlangoni, akateremsha sauti. "Na kweli anasikia, dada. Kutwa anaitika. Anajibu maswali. Mara nyingine anacheka, anasema haya, nakuja."

Fundi alimsogelea. "Na wewe... ukimsemesha?"

Binti akatikisa kichwa.

"Mimi namwita mpaka sauti inanikauka. Hanisikii."