Buti Nyeupe za Alhamisi

Soko la Masisi lilikuwa limefurika watu wakati Gakwaya wa laiteri, kiwanda cha jibini wanayoita fromaji, alipoteleza kwenye matope na bidoni yake ya maziwa. Maziwa yakamwagikia kikwembe cha njano alichojifunga Francine, muuza viazi.

"Papa, mimi niliacha kunyonya zamani," Francine akasema.

Wanawake wakacheka. Gakwaya naye akacheka, mara ya kwanza tangu afiwe na muke wake.

Kuanzia hapo, kila jioni simu.

"Umekula, cherie?"

"Viazi. Weye umekula fromaji ya wakubwa wa laiteri?"

"Wakubwa wananiachia harufu tu."

Kisha wakubwa wa laiteri wakaleta mashine ya kukoroga maziwa na kugeuza fromaji, kazi ya mikono ya Gakwaya. Wakasema sasa kazi ni siku tatu kwa juma, watu wapumzike. Pumziko likaja kweli, na mushahara ukapumzika nalo. Hawakuuliza mutu asiye na mutu nyumbani atapumzika na nani.

Kwenye kilima chao, mwanaume anayekaa bure siku ya kazi anachekwa. Basi siku za kupumzika Gakwaya alivaa buti zake nyeupe za kazi kama kawaida, akashuka, akaketi mbele ya geti la laiteri lililofungwa.

Alhamisi moja Francine akapiga.

"Uko wapi, mupenzi?"

"Niko ku kazi. Maziwa iko mingi leo."

Dada ya Francine, Céline, alikuwa akifagia laiteri ileile. Alhamisi hakuna kazi, Francine alijua.

"Sawa. Bakia na kazi yako."

Tangu hapo hakupokea simu. Nyumbani Gakwaya alimimina chai vikombe viwili, akanywa kimoja, kingine kikapoa.

Alhamisi iliyofuata Francine akatokea ndani ya ukungu, na kikwembe kile cha njano.

"Huyo mwanamuke wako iko wapi?"

"Mwanamuke gani?"

"Wa Alhamisi."

Gakwaya akaonyesha kufuli. "Ndiyo huyu."

Nyuma ya geti mashine ilinguruma peke yake.

"Nyumba iko kimya sana, Francine. Hapa angalau nasikia kitu iko inatembea."

Francine akaketi kando yake, akashika mikono ile isiyo na kazi.

"Alhamisi mimi napanda viazi. Peke yangu."

"Nitakuja. Na kaka zako, nitawaletea ng'ombe ya mahari."

"Uko na ngapi?"

"Moja."

"Basi kuja nayo. Lakini hizo buti ni za wakubwa. Ziache."

Akazivua. Wakashuka pamoja, yeye miguu mitupu, buti zikabaki zimesimama mbele ya geti kama mutu anayengojea kufunguliwa.