Kadi Iliyozidi Vidole Viwili

Karatasi ilimponyoka Umutoni kwenye ngazi za jengo la maduka ya kompyuta, katikati ya jiji, watu wakisukumana kama siku ya kuamkia Idi. Aliyeiokota akaanza kuisoma bila hata kuomba ruhusa. Umbea ulioje! Alikuwa kijana mrefu, shati la bluu limenyooka kwa pasi, kofia nyeupe kichwani.

"Prosesa, ram, kadi ya grafiki," akasoma. "Dada, kaka yako aliyekutuma ni mchezaji wa gemu kweli."

"Aliyenituma ni mimi. Na wewe, kwenye mbio za magari nitakuacha kona ya kwanza."

Kijana akacheka mpaka akashika ukuta. Aliitwa Usumani, na duka lake la vipuri vya mtumba lilikuwa ghorofa ya pili.

Umutoni alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Nyakabanda, gauni la kitenge amejishonea mwenyewe, futi ya kupimia haimtoki shingoni. Alitaka jambo moja tu: kushiriki mashindano ya mbio za magari mtandaoni, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana. Wanane wa kwanza wangeitwa kushindana jukwaani Kimihurura. Mpaka siku ile alikuwa akicheza kwenye kibanda cha kukodi kompyuta, ambako vijana walimchomolea waya kila alipokaribia kushinda. Alikuwa amechoka kuchomolewa waya. Safari hii angeshindana kwa mashine yake mwenyewe, na fedha zake zilikuwa chache.

Usumani akakubali kumtafutia vipuri vya bei nafuu, na kwa wiki tatu simu zikawa haziishi.

"Laazizi, nimepata ram mbili, bado nzima."

"Nani laazizi wako? Zina taa za rangi?"

"Taa za nini, sha? Taa haziendeshi gari. Hela hiyo tuiweke kwenye pawa saplai, inayogawa umeme. Ukinunua ya ovyo, itakuunguzia vyote."

"Haya, mwalimu."

"Na umekula?"

Hapo ndipo Umutoni alipojichoma sindano kidoleni. Alimpenda, basi, afanyeje?

Ikabaki kadi ya grafiki, ile inayochora mchezo kwenye skrini. Usumani akapata moja ya mtumba, ndefu, feni tatu. Umutoni akavuta futi yake.

"Kasha la kompyuta umelipima?"

"Wallahi itaingia! Miaka saba nakadiria kwa macho."

Mteja mmoja, Rodney, alikuwa pale akiitamani kadi ile ile, akaahidi kulipa zaidi. Usumani akamwambia ina mwenyewe. Umutoni akatoka dukani anatembea kama bibi harusi.

Ijumaa jioni, mkesha wa mashindano, kompyuta aliyoiunganisha Usumani ikaletwa Nyakabanda kwa pikipiki. Umutoni akafungua ubavu wa kasha. Ndani mlikuwa na kadi nyingine, fupi, feni moja. Akapiga simu.

"Usumani, kadi yangu iko wapi?"

"Ee... ile imekataa, mpenzi. Hiyo nayo itacheza."

"Itacheza nini, karata? Uliniuliza?"

Nyuma ya Usumani mtu akacheka kwa sauti. Umutoni akakitambua kicheko: cha Rodney.

"Ahaa! Umemuuzia! Umeona mimi fundi nguo tu, sitajua tofauti!"

Akakata simu. Usumani akapiga mara tisa, simu haikupokelewa hata mara moja. Umutoni akalia, akafuta machozi kwa kipande cha bitana, akasema peke yake: "Nitashindana hata kwa hii."

Jumamosi ile ilikuwa ya umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa kila mwisho wa mwezi. Saa mbili asubuhi mtaa mzima ulikuwa nje na majembe kusafisha mfereji, na kila mtu hufanya umuganda mtaani kwake. Sasa yule aliyeshika sepetu, matope hadi magotini, begi mgongoni, ni nani? Usumani!

"Wewe si wa Busanza?" Umutoni akafoka.

"Nimetoka alfajiri kabla barabara hazijafungwa. Simu unaweza kukata. Umuganda huukatai."

Akina mama wakaguna, wengine wakacheka. Usumani akafungua begi. Kadi ilikuwa humo, feni zake tatu, imefungwa kwenye taulo.

"Sijamuuzia mtu. Imezidi kasha vidole viwili. Nilikuapia itaingia, nikaona aibu kukwambia sikupima."

"Aibu yako ndiyo inichagulie mimi kadi?"

"Nimekosa, Umutoni. Nisamehe. Na leo kwa umuganda maduka yamefungwa, kasha jingine sitalipata kabla ya saa nane."

Umutoni alimtazama, kisha akaitazama kadi. Hasira bado ilikuwepo, lakini saa nane haimsubiri mtu.

"Nguo ikibana, fundi hamkati mtu mwili," akasema. "Anafungua mshono. Twende."

Saa tano umuganda ulipokwisha, wakaazima mkasi wa bati kwa jirani, mzee Jean-Berchmans. Umutoni akapima mara mbili, akakata kizimba cha chuma cha kuwekea diski, ndani ya kasha, kilichokuwa kikiizuia kadi. Kisha akaukunja ule ukingo kwa koleo la mkono kama pindo la suruali, usije ukachana waya. Usumani alishika tochi, akifanya alichoambiwa. Kadi ikaingia. Feni tatu zikazunguka, na Umutoni akapiga kigelegele peke yake.

Saa nane akaanza mbio. Saa kumi matokeo yakatoka: wa saba.

"Kimihurura!" Usumani akaruka, akagonga kichwa kwenye rafu ya vitambaa. Akakaa chini akijisugua, halafu sauti ikashuka. "Umutoni, mshenga wangu akija kwa baba yako, atapewa kiti au atafukuzwa?"

Umutoni akaitoa futi shingoni, akaizungusha kwenye kidole chake cha pete, akaisoma vizuri. Kisha akamshika mkono na kumwandikia namba kiganjani kwa chaki ya kushonea.

"Sentimita tano na nusu," akasema. "Na usikadirie kwa macho."