Mapaja ya Chuma

Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati, kimetoboka kitako, na Lukresia alikitupa kwa mkono wake mwenyewe asubuhi ya Jumatatu kwenye pipa la taka nje ya jiko. Kwa hiyo alipokikuta saa saba mchana kimekaa kifuani mwa sanamu aliyokuwa akiitengeneza uani, upande wa kushoto, alimgeukia mumewe.

"Mahona, nani kakuambia uweke kikombe hapa?"

"Kikombe gani?"

"Usinitanie. Hiki."

Mahona alikuwa fundi wa kuchomelea, na alikuwa mtu wa kuapa. Akiapa mara moja, mwamini. Akiapa mara tatu, mkague mifukoni. Siku hiyo aliapa mara moja tu, tena kwa sauti ndogo, kwa sababu alishainama kukitazama kile kikombe na hakuona mahali kilipochomelewa. Hapakuwa na alama ya moto. Bati lilikuwa limeota kwenye chuma kama ukucha unavyoota kidoleni. Isitoshe, umeme ulikatika tangu saa mbili asubuhi.

"Basi kimejiweka," akasema na kucheka. Lukresia hakucheka. Alichukua turubai akaifunika sanamu, akasema rangi ya miguuni inahitaji kivuli ili ikauke.

Ua wao ulikuwa Somanda, mjini Bariadi, nyuma ya safu ya maduka. Wenyewe waliuita karakana, wateja waliotoka Mwanza waliuita studio, na majirani waliuita jalala. Humo Lukresia alikuwa ametengeneza kunguru wa ndala, pundamilia wa masufuria, na jogoo wa vijiko ambaye mwalimu mmoja alimnunua na kumsimamisha sebuleni. Mwaka huu alikuwa ameombwa kazi kubwa kuliko zote, ya kusimamishwa kwenye viwanja vya Nane Nane kule Nyakabindi. Alichagua kutengeneza mwanamke aliyeketi. Miguu ilikuwa ya plau, mbavu za rimu za baiskeli, nywele za cheni za pikipiki, na mdomoni aliweka sipika ya redio iliyokufa. Mikono ya mabomba aliinyoosha mbele, wazi. Mapaja aliyakunja kutoka kwenye pipa moja zito alilolipata jalalani, nyuma ya kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba.

Lukresia alikuwa na adabu yake katika kuokota. Aliwahi kuitiwa mwizi kwa ajili ya fremu ya kitanda, na tangu hapo hakugusa kitu kabla ya kusimama na kuuliza kwa sauti, mara tatu, "Kina mwenyewe hiki?" Asipojibiwa, anachukua. Waokotaji wa Bariadi walimcheka kwanza, kisha nao wakaiga, hata ikawa kawaida mtu kusimama nje ya ua wako na kuulizia takataka zako kwa heshima zote. Siku ya pipa aliuliza kama kawaida, jua la utosi likiwaka, jalala zima halina mtu. Ndani ya pipa kitu kiligonga mara moja. Panya, alijiambia, akalibeba.

Jumanne saa saba mchana, akiwa amekaa akinyoosha waya, alisikia sauti nje ya uzio wa mabati.

"Ufagio huu una mwenyewe?"

Sauti ilikuwa kavu, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kusema na watu. Lukresia hakuinua kichwa. "Hauna. Chukua."

Jumatano, saa ileile: "Ndala hii ina mwenyewe?"

"Haina, chukua tu."

Mara zote mbili ilibaki harufu ya majivu ya taka yaliyonyeshewa mvua, ingawa ilikuwa Juni na hapakuwa na mvua. Lukresia aliisikia harufu ile, akaisahau. Alikuwa na mambo mengine.

Mambo hayo yaliitwa Kwandu, na alikuwa mama yake mzazi. Miaka miwili iliyopita bibi huyu alitoka kisimani kule Kimali akashindwa kukumbuka njia ya kurudi kwake, njia aliyoipita tangu alipoolewa. Kaka wa Lukresia, Renatus, alikuwa Mwanza akituma salamu. Kwa hiyo mama aliletwa Bariadi, akapewa kigoda chini ya kivuli cha paa la karakana, na hapo ndipo alipokaa kutwa akimwita Lukresia kwa jina la Evalina, binti yake mwingine aliyekufa akiwa mdogo. Kumwogesha, kumlisha, kumvua, kumvisha, kumtafuta barabarani: yote yalikuwa ya Lukresia. Alimpenda mama yake. Alikuwa amechoka mno, na mambo haya mawili yalilala kitanda kimoja.

Alhamisi mchana, mama yake aliingia jikoni akitaka kumpikia uji Evalina. Hakuona kuni. Akachukua daftari kubwa la michoro, kazi ya Lukresia ya miaka sita, akaichana karatasi moja baada ya nyingine na kuwashia jiko.

Lukresia alipofika, yalibaki majalada. Hakupiga kelele. Alimshika mama yake mkono, akamkalisha kwenye kigoda, akaona kuwa amejikojolea tena, akatoka kwenda kuchota maji. Akiwa bombani ndipo sauti ilipouliza kutoka nje ya uzio, polepole, kwa adabu ileile:

"Na huyu bibi, ana mwenyewe?"

"Hana!" alisema Lukresia. "Mchukueni. Mchukueni nami nipumzike!"

Kisha nje ya uzio mtu akasema, "Asante."

Mahona aliingia getini na mfuko wa vijiti vya kuchomelea. "Unagombana na nani?"

"Hao waokotaji wako wa vyuma. Wananitania."

"Waokotaji gani? Nimetoka hapo hapo uzioni. Hakuna mtu, Lukresia. Hata bodaboda wamelala kwenye pikipiki zao."

Walitazamana. Ile harufu ya majivu ilikuwa imejaa ua mzima. Mahona ndiye aliyeikamata turubai na kuivuta, na wote wawili waliona: njiti za ufagio zimekuwa nyusi za sanamu, zimepangwa vizuri kuliko ambavyo Lukresia angezipanga, na ndala imeingia nyuma ya sipika, nyekundu, ikawa ulimi. Mikono ya mabomba, iliyonyooka tangu wiki iliyopita, ilikuwa imeinuka kidogo, kama ya mtu anayesubiri apewe mtoto.

"Mungu wangu," Lukresia alinong'ona. "Nimemjibu. Mara tatu nimemjibu."

Alimwingiza mama yake ndani pamoja na kigoda chake, na hakumwachia kutwa nzima, wala usiku. Mahona alifunga geti kwa kufuli mbili. Ijumaa asubuhi walimpigia simu mzee Mayige wa Shishiyu, ambaye zamani alikuwa akichoma ng'ombe sindano vijijini na sasa aliitwa kwa magonjwa yasiyo na sindano. Alisema yuko njiani. Saa saba ikakaribia, na uji wa mama ulikuwa jikoni unachemka na kumwagika, na Lukresia alimwachia mama yake mkono kwa muda wa kuipua tu, hatua sita kwenda na sita kurudi, akisema kwa sauti "nipo, mayu, nipo, nakuja," na jikoni akasikia kitu kizito kikikanyaga uani, kisha tena, plau kwenye udongo mkavu, kisha mlango uliofungwa kwa ndani ukilia bawaba, na alipokimbia na sufuria bado mkononi uji ukimuunguza vidole bila yeye kuhisi, kigoda kilikuwa kitupu, kanga ya mama iko sakafuni, na nje juani, mahali palepale ilipokuwa siku zote, sanamu ilikuwa imekaa na mapaja yake hayakuwa matupu.

Bibi Kwandu alikuwa amepakatwa, ubavu ubavu, kichwa kwenye kile kikombe. Mabomba yalikuwa yamemzunguka na vidole vya waya vimefumbatana. Alikuwa amefumba macho, akiimba chinichini. Kifundo chake cha mguu kilikuwa na rangi ya kutu, na Lukresia alipokigusa kililia kama bati.

Mahona aliwasha grinda. Kabla hajafika, sipika ilikoroma, na ile sauti kavu ikatoka mle ndani.

"Ukinikata mimi, unamkata na yeye. Tumeshaanza kuungana."

Mahona akaizima. Alikaa chini kwenye vumbi na kulia, mwanaume mzima.

Mayige alifika saa nane kwa bodaboda, ametoa helmeti kabla pikipiki haijasimama. Aliizunguka sanamu mara moja, akanusa, akasimama mbele yake.

"Mwadila," alisalimia, kama unavyomsalimia mtu yeyote mchana.

"Mwadila," sipika ikajibu.

"Umetoka wapi?"

"Jalalani. Nilikaa kwenye pipa langu, nikachukuliwa. Sikukasirika. Nimejifunza kazi ya huyu mama. Vilivyotupwa navipa mahali. Kikombe alikitupa mwenyewe; vingine vyote nimeuliza, nimejibiwa."

Mayige alimvuta Lukresia pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Ni jini, na ni jini mwenye adabu, hao ndio wabaya. Aliyeingia kwa nguvu namfukuza kwa nguvu. Huyu kapewa. Hirizi yangu haina kazi hapa. Mwombe wewe uliyempa."

"Nimwambie nini, baba?"

"Usimdanganye tu. Amelala na taka miaka yote. Anajua kilichodondoka na kilichotupwa."

Lukresia akapiga magoti. "Nirudishie mama yangu," alisema. "Nilisema kwa hasira. Sikumaanisha. Nampenda, sijawahi kumchoka hata siku moja—"

Mabomba yakalia, yakajikaza. Bibi Kwandu akaacha kuimba na pumzi ikamtoka. Kutu ikapanda hadi gotini.

"Ukweli, bhebhe, wewe!" Mayige alifoka.

Lukresia alipofungua mdomo tena, maneno yalitoka bila kuchaguliwa, moja likilivuta jingine. "Nimechoka. Nimechoka mpaka kuna asubuhi naomba Mungu amchukue halafu naogopa asije akasikia, na ulipouliza nilisema hana mwenyewe na nilimaanisha, kwa muda ule nilimaanisha kabisa, lakini ni mimi ninayejua kuwa akimwita Evalina anataka maji, ni mimi ninayejua kuwa hanywi uji wenye sukari, na ukibaki naye nitakuja kumlisha hapo hapo mapajani kwako kila siku hadi nami niote kutu, kwa sababu nimechoka naye na ni wangu, yote mawili, sina jingine la kukuambia."

Kisha waya mmoja ukafunguka, na wa pili. Mikono ya mabomba iliachia taratibu, na Bibi Kwandu akateleza hadi mikononi mwa binti yake, mzito, wa moto kwa jua, mguu wake ukirudi kuwa nyama.

Mayige hakupoteza muda. Aliziba sipika kwa udongo, akaifunga sanamu macho kwa kitambaa cheusi, wakaipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe na kuirudisha jalalani nyuma ya kiwanda. Ng'ombe walikataa mara mbili njiani. Kazi ya miezi mitano iliachwa pale imelala kifudifudi, na Nyakabindi wakaambiwa watafute msanii mwingine. Lukresia hakuihuzunikia hata kidogo.

Jioni alimwogesha mama yake kwa maji ya uvuguvugu, akampaka mafuta kifundo cha mguu, akakaa naye kitandani na bakuli la uji usio na sukari. Mama yake alimeza vijiko vitatu. Kisha akainua macho, na macho yalikuwa yametulia, safi, macho ya zamani.

"Lukresia," alisema.

Miaka miwili hakuwa amelitaja jina hilo. Lukresia aliweka bakuli chini. "Nipo, mayu. Nipo hapa."

"Kwa nini umenitoa?"

"Lilikuwa jini, mayu. Lingekuua."

Bibi Kwandu alifikiri. "Hakuwa na haraka," alisema. "Alinishika muda wote ule, hata mkono hakubadilisha. Wala hakuvuta ile pumzi unayovuta wewe ukiinama kunivua."

Mlangoni Mahona alisimama na taa mkononi.

Bibi Kwandu akateremka kitandani bila kushikwa. Alijifunga kanga vizuri, akaikunja ncha, akavaa kandambili zake mguu wa kulia na wa kushoto bila kukosea. Akawatazama wote wawili kwa upole, kama mgeni aliyeshiba na jua linamwishia.

"Mmenitunza vizuri, asanteni," alisema. "Sasa naomba mnisindikize kwangu. Siyo mbali, ni hapo tu nyuma ya kiwanda."