Daftari la Mwalimu Vrajlal

Daftari halikuwamo. Mwalimu Vrajlal aliivuta droo mpaka mwisho, akapapasa chini ya boksi la dawa zake, akapapasa tena, kisha akawageukia waliokuwa wakimngoja mlangoni. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 29 Machi 2025, saa tatu na nusu asubuhi, nyumbani kwake Kingsbury. Zilibaki dakika thelathini na saba jua la London lianze kupatwa.

Na daftari lenyewe, jamani, nani angelitaka? Lilijaa hesabu za penseli, miaka hamsini ya kupatwa kwa jua na mwezi, tangu akifundisha sekondari Tanga. Kila kupatwa kukikaribia alipiga hesabu kwa kanuni za kale za Kihindi, akaifungia asimwonyeshe mtu. Siku ikifika aliwasomea majirani, nao wakalinganisha na simu zao. Hakuwahi kupishana nazo kwa zaidi ya dakika nne. Leo watu kumi na mmoja walikuwa wamekaa bustanini wakimsubiri.

Kamal, mwanawe wa pekee, aliikagua droo. Kiswahili alikisikia vizuri, ila kazaliwa hapahapa, hujibu kwa Kiingereza. Droo haikuvunjwa. Ufunguo hutundikwa ukumbini, kila mtu anaujua. Wa mwisho kuifungua ni Placida, mhudumu wa mzee, saa mbili na robo, akitoa dawa. Placida akasema ni kweli, alichukua dawa za juu, daftari lililo chini hakulitazama. Kamal akamjibu kwamba polisi hawaiti, ila jua likishaachiwa, saa sita kamili, ataipigia simu kampuni iliyomwajiri.

Placida naye akapiga hesabu yake. Kampuni hiyo ndiyo iliyomdhamini viza. Akiachishwa kwa wizi ana siku sitini za kupata mwajiri mwingine, na nani atamkabidhi mwizi mzazi wake? Akaomba muda huo autumie kuulizia yeye mwenyewe. Mnyonge hana haki, wanasema, lakini mdomo anao.

Alianza na Gurdial, jirani, fundi bomba mstaafu, Singasinga mzaliwa wa Kisumu. Saa tatu Kamal alimwona akitoka chumbani kwa Mwalimu na kitu ndani ya koti. Placida alimkuta nyuma ya banda la bustani akamuuliza bila kuzunguka ameficha nini. Mzee wa watu akaona haya. Akatoa boksi la kadibodi lenye tundu la sindano, la kuangushia sura ya jua kwenye karatasi. Chumbani aliingia kukopa gundi. Alitaka kumshangaza Mwalimu, maana kila mara humtania kwamba mikono yake inajua mabomba tu. Gundi ilikuwa bado mbichi vidoleni, na Placida akaamini.

Akarudi kwa Mwalimu, akapiga magoti karibu na kiti, akamuuliza mara ya mwisho aliliona lini.

Jana, akasema. Alimaliza hesabu baada ya chakula cha mchana, akalifungia, akalala. Kisha, kama walimu wote, akageuza swali kuwa somo.

"Watu husema Rahu analimeza jua. Jini huyo ni kichwa kilichokatwa, hana tumbo, kwa hiyo akilimeza linatokea shingoni. Mke wangu Kusum anaamini hivyo mpaka leo, nami simkatazi. Lakini miaka elfu moja na mia tano iliyopita, kijana mmoja wa kwetu, ana miaka ishirini na mitatu tu, alisema mwezi ndio unaolifunika jua. Na mwezi nao ukipatwa, ni kivuli cha dunia."

Placida akauliza mbona basi haitokei kila mwezi.

Mwalimu akapitanisha vidole viwili. Njia ya jua hii, njia ya mwezi hii, imeinama kidogo. Hukutana mahali pawili tu, na mwezi usipokuwa karibu na hapo, hupita juu au chini ya jua. Wanahesabu wakapaita hapo Rahu na Ketu, kichwa cha jini na kiwiliwili chake, na hesabu ikaendelea.

"Na lazima ujue umesimama wapi, mwanangu. Jua hupatwa huku, kule likabaki zima." Akachungulia dirishani. "Masika yamechelewa mwaka huu."

Placida akainuka. Wazee husema mengi.

Saa nne na robo jua lilishaanza kumegwa. Placida aliingia jikoni kuwachemshia wageni chai, lakini Mama Kusum, mke wa Mwalimu, alimshika mkono. Hakuna kupika wala kula mpaka kupatwa kuishe. Tangu jana kila chakula alikiwekea jani la tulsi, ndugu yake kivumbasi, kisichafuke. Placida akatazama. Jani juu ya maziwa, jani juu ya samli, jani juu ya achari, hata jagi la maji. Mikebe saba rafuni, sita ina majani. Mkebe mkubwa wa unga hauna.

Akaihesabu mikebe tena. Kisha akafunga mlango.

"Mama, tulsi unaichuma saa ngapi?"

"Kabla jua halijatua. Likishatua ni dhambi kuigusa."

"Basi haya uliyachuma jana jioni. Mkebe wa unga hukuusahau, maana hata maji hukuyasahau. Hukuuwekea jani kwa sababu ulijua ndani hamna chakula. Daftari limo humo tangu jana, na jana mimi nilikuwa mapumzikoni, nilishinda Barking, upande wa pili wa mji."

Mama Kusum akauteremsha mkebe. Aliinua kifuniko mwenyewe. Daftari lilikuwa humo, limefungwa kwa mtandio.

"Hesabu hizi alinifundisha mwaka tuliooana," akasema. "Jana alipolala nikafungua, nione tu. Hajakosea hata tarakimu. Lakini ameandika jua halitapatwa. Amehesabu kana kwamba yuko Tanga, Placida. Huwa hajui tena tuko wapi. Angesimama mbele ya watu awaambie jua ni zima, na wao wanaliona limemegwa. Na Kamal angesikia, ampeleke kwenye nyumba ya wazee. Wallahi sikujua watakushika wewe."

Placida alikasirika, tena sana. Mkate wake ulikuwa unakwenda na maji kwa ajili ya siri ya watu wengine. Na papo hapo alimpenda yule mama, kwa sababu yeye mwenyewe angefanya vilevile.

"Mimi sitasema," akamwambia. "Lakini saa sita mwanao atapiga simu."

Mama Kusum alipangusa daftari kwa upindo wa sari, akatoka nalo. Sebuleni alikuwapo Kamal na simu mkononi, Gurdial na boksi lake, na Mwalimu kitini. Akaliweka mapajani mwa mumewe.

"Nililificha mimi. Placida hana kosa. Mwache baba yako asome."

Mwalimu alifungua ukurasa, akasoma kimya. Gurdial, asiyejua lolote, alikuwa ameshaelekeza boksi dirishani, na kwenye karatasi jua lilionekana limeng'atwa pembeni. Mwalimu akatazama karatasi, akatazama ukurasa.

"Nimekosea," akasema.

Kamal alimtazama mama yake, akaelewa yote. Placida ndiye aliyetoa simu. Saa tano na dakika tatu London, saa nane na dakika tatu mchana Tanga. Akampigia dada yake Fortunata huko Tanga, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Dada, toka nje uniambie jua likoje, ila usilikodolee macho."

"Likoje tena? Jua ni lilelile, linachoma."

"Halijapungua?"

"Hata kidogo. Kwani kuna nini?"

Placida akamgeukia mzee. "Tanga jua ni zima, Mwalimu. Umepata, hujakosea hata dakika."

Mwalimu akaomba penseli, akaweka alama ya vema kwenye ukurasa. Kamal aliitia simu yake mfukoni, akaja akasimama mbele ya Placida. "Samahani, dada," akasema, Kiswahili cha kwanza Placida kukisikia kinywani mwake.

Mwalimu alikuwa bado anatazama bustani, wale watu, yale makoti yao mazito.

"Kusum," akauliza kwa sauti ndogo, "hapa ni wapi?"

"London. Tulihama."

"Sote wawili?"

"Sote wawili."

Mzee akafikiri kidogo, akamshika mkono.

"Basi hakuna neno," akasema.